Mishale Ilipozimika Kwenye Mteremko wa Masama

Ndeshi mwanangu,

Tangu mchana mama yako anafunga begi lako na kulifungua, na kila akilifungua anatia kitu kingine. Mambo ya sweta, dawa ya tumbo, kupiga simu ukifika, na kutolala njaa kwa sababu ya aibu ya kuomba, hayo atakwambia yeye, na utayasikia mara nyingi kuliko unavyotaka. Mimi nataka kukuandikia habari ya breki.

Usicheke kwanza. Wewe umekwenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya. Baba yako mkubwa yuko sebuleni anaangalia taarifa ya habari, na mimi nimejifungia chumbani kama mwanafunzi anayeficha mtihani aliofeli. Ningeweza kukungoja nikwambie kwa mdomo, lakini unanijua. Jambo likinigusa naanza utani, na utani ukikwama nafoka. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Leo alasiri tumeteremka kutoka Masama baada ya wewe kumuaga bibi. Baba mkubwa alikuwa kwenye usukani wa gari lake jipya la haibridi, ambalo kwa kweli halina tofauti kubwa na lile letu la zamani isipokuwa viti vyake bado vinanukia upya wa dukani. Mimi nilikaa mbele. Wewe ulikaa nyuma na ule mkungu wa ndizi ambao bibi aliulazimisha uingie garini hata baada ya kuambiwa Dar ndizi zinauzwa. Hujasahau kilichotokea tulipopita mashine ya kukoboa kahawa. Betri ilikuwa imejaa, mteremko bado mrefu, na injini ikaanza kunguruma yenyewe ingawa mguu wa baba mkubwa ulikuwa mbali na mafuta. Akakunja uso. "Hii nayo inakula mafuta bure," akasema, akasukuma gia kwenye N, gari likabaki bila gia. Kelele ikakatika. Kwenye ile skrini ndogo, mishale inayotoka kwenye magurudumu kwenda kwenye betri ikazimika.

Nilikuangalia kwenye kioo. Ulikuwa umeona. Niliona macho yako yakienda kwenye skrini, yakakaa pale, kisha yakahamia dirishani kwenye migomba ya watu. Vidole vyako vilikuwa vimeshika kiti changu kwa nyuma, navisikia mpaka sasa hapa begani. Hukusema neno. Tulipofika chini, pale Kwa Sadala, kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua, na baba mkubwa akasema kuna watu wanachoma takataka shambani. Mimi nikajibu, "Labda."

Labda. Mtu mzima, mwenye familia, mwenye leseni tangu kabla hujazaliwa, hilo ndilo neno nililolitoa. Nilijua harufu ile ni ya nini. Wewe pia ulijua. Na kesho asubuhi unapanda gari hilo hilo, na baba mkubwa amesema mtapitia Lushoto akawasalimie wakwe zake, halafu mteremke ile barabara ya kona mpaka Mombo. Tangu aliposema hivyo nimekuwa nikitembea ndani ya nyumba hii bila kujua ninatafuta nini.

Ninaogopa, Ndeshi. Naogopa ile kona, naogopa pedi za breki zenye moto, lakini zaidi ninaogopa jinsi ulivyogeukia dirisha. Mimi ndiye niliyekufundisha kugeukia dirisha.

Nianzie mbali kidogo. Mimi na baba mkubwa tulijifunza kuendesha kwenye pikapu ya babu yako, iliyokuwa ikiteremsha maziwa na ndizi mjini. Mafuta yalikuwa ya shida, na kila kijana wa mlimani aliyeshika usukani alikuwa na ufundi mmoja wa kujivunia, yaani kupiga frii. Ukifika mwanzo wa mteremko unatoa gia, unaliachia gari lishuke lenyewe, unasikiliza matairi tu. Wengine walizima kabisa injini. Tulikuwa tukishindana nani atafika mbali zaidi barabarani kabla ya kuwasha. Aliyefika mbali alikuwa dereva. Aliyeshuka na gia alikuwa anajifunza bado, hata kama ana mvi. Hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa tunapona kwa bahati, na kama yupo aliyetuambia, basi tulimcheka.

Kwa hiyo nilipoleta lile gari letu la haibridi nyumbani, nilikuwa na kichwa kilichojaa pikapu. Unakumbuka wiki ya kwanza? Kila nikisimama, nyote mlitikisa vichwa mbele kama kuku. Mama yako akaniuliza kama nimesahau kuendesha. Pedali ile ilikuwa ngeni mguuni mwangu. Ukiigusa kidogo, gari linapungua mwendo vizuri, lakini kinacholishika siyo pedi. Ni ile mota, inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na unasikia mlio mwembamba kama cherehani ya jirani. Karibu na kusimama kabisa mota inaachia, pedi zinapokea, na hapo kwenye kupokezana ndipo vichwa vinapotikisika. Nilijifunza kulegeza mguu kidogo sekunde ile, na vichwa vikatulia.

Kulikuwa na vituko vingine. Ukikanyaga breki taratibu halafu gurudumu likapita kwenye shimo, gari linajifanya kama limekuachia, linasogea mbele kidogo, moyo unaruka, kisha linashika tena. Asubuhi ukifungua mlango tu, kabla hata ya kuwasha, kitu kilikuwa kinaguna chini huko, na bibi yako alisema gari hilo lina kiumbe ndani. Ni pampu ya breki tu iliyokuwa inajiandaa. Fundi alipovua magurudumu akashangaa pedi bado nene kama mpya, na mimi nikazunguka mtaa wetu wote wa Soweto nikijisifu, kana kwamba nilizitengeneza mimi. Sikujiuliza maana yake. Maana yake ilikuwa kwamba diski zinakaa bila kazi, zinashika kutu na matope ya mlimani, na siku utakapozihitaji peke yake zitakuwa zimesahau kazi.

Wewe ulikuwa kidato cha tatu. Ulikuwa unakaa katikati kwenye kiti cha nyuma, shingo umeinyoosha, unaangalia ile mishale. Ikitoka kwenye betri kwenda kwenye magurudumu ulisema, "Tunatumia." Ikirudi ulisema, "Tunapata." Nilikuwa napenda sana kukusikia, ingawa sikukwambia. Mimi niliendesha gari lile kwa miguu na wewe uliliendesha kwa macho, na ninaamini ulilijua kuliko mimi.

Halafu ikaja Desemba ile. Mji umehamia mlimani kwa sikukuu kama kawaida, magari ya Dar kila kona, na sisi tunamteremsha bibi aje kukaa mjini apate matibabu ya macho. Mama yako alikuwa mbele, wewe na bibi nyuma, buti limejaa ndizi na galoni ya mbege. Gari lilikuwa zito. Nusu ya mteremko betri ikajaa na injini ikaanza kunguruma. Leo najua kwa nini. Betri ikishajaa haina pa kuweka umeme zaidi, kwa hiyo mota haiwezi kushika tena kama mwanzo, na gari linazungusha injini ili ilizuie lisikimbie. Kelele ile ndiyo breki. Haili mafuta yoyote. Ningeliacha lingurume tungefika salama tukiwa na masikio yanayouma kidogo. Ningeweza pia kuvuta gia kwenye ile herufi B tangu juu, ndiyo kazi yake.

Mimi nilisikia kelele nikaona hasara. Nikasukuma N. Nikapiga frii na gari lililojaa watu ninaowapenda.

Ulisema mara ile ile. Hukungoja. "Baba, mishale imezimika. Rudisha D."

Nikakwambia unyamaze. Ungeweza kuishia hapo, lakini ukasema tena, na safari hii ulinishika bega. Hapo nikafoka. Nilisema, "Mlima huu nimeushuka kabla mama yako hajakuzaa. Mtoto wa kike hamfundishi baba yake gari." Nilisema mbele ya bibi yako. Na bibi, kwa kunitetea, akakupiga kikofi kidogo pajani akasema kwa Kichagga kwamba dereva haongeleshwi. Ukarudi nyuma kwenye kiti.

Kilichofuata unakijua kwa mwili wako. Pedali ilianza kuwa ngumu, halafu ikawa haifanyi kitu. Harufu. Mama yako akiita jina langu, siyo baba Ndeshi, jina langu lenyewe. Nilirudisha D nikiwa nimechelewa, gari likashika kwa nguvu upande mmoja, tukatoka barabarani, tukakata migomba ya mzee Aminiel na kulala kwenye ukingo wa mfongo wake, mfereji wa kumwagilia, maji ya shambani yakipita chini ya mlango wangu. Bibi alivunjika mkono. Sisi wengine tulitoka na michubuko. Watu wakaja mbio kutoka vihambani, kwenye migomba yao, na swali lao la kwanza lilikuwa breki zimekataa? Nikajibu ndiyo, zimekataa. Kwa mwaka mzima niliwaambia watu magari ya haibridi hayana breki za mlimani. Wapo waliouza yao kwa kunisikiliza mimi.

Wewe ulikuwa umesimama pale unanisikia nikisema. Kanga ya bibi uliifunga mkononi mwake vizuri, kama mtu aliyesomea. Hukunikanusha.

Nilifanya yote ambayo mtu wa kwetu hufanya baada ya kukosa. Nilichuma jani la isale, lile la kuombea msamaha, nikampelekea bibi, nikapiga magoti, akanisamehe kwa mkono ule mzima. Nikampelekea mzee Aminiel isale nyingine kwa ajili ya migomba na ukingo wake, akaipokea, tukanywa mbege. Kwako sikupeleka kitu. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kumwona baba akimpelekea mtoto isale, na mimi nilijificha nyuma ya desturi hiyo kama mtu anayejificha nyuma ya nguzo nyembamba. Nilijiambia mtoto husahau.

Hukusahau. Uliacha kusema "tunapata". Uliacha kukaa katikati. Tangu Desemba ile hujawahi kuniambia kitu chochote nikiwa nimeshika usukani. Mwaka jana tairi la nyuma lilipopungua upepo, uliliona kabla hatujaondoka Rau, kwa sababu nilikuona ukiliangalia. Ulipanda, ukakaa, ukasubiri nisikie mwenyewe njiani. Niliposhuka kubadilisha, ulinishikia tochi bila neno, na mimi nikasema moyoni kwamba nina binti mwenye adabu. Watu walinisifu kwa ajili yako. Ndeshi wako mtulivu sana, walisema, nami nikaitikia ahsante.

Sasa unakwenda kusomea uuguzi. Huko utakuwa mdogo kwa miaka mingi, na kila anayekuzidi cheo atakuwa anashika usukani wa aina yake. Ipo siku mtu mzima, mwenye miwani na heshima zake, atachukua sindano isiyo ya mgonjwa huyo au atasoma namba ya kitanda kingine, na wewe utakuwa umesimama pembeni umeona. Nikiifikiria siku hiyo nakuona ukigeukia dirisha.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapa nikaona aibu. Mtu anamwandikia binti yake aseme, na yeye mwenyewe amejifungia chumbani, kaka yake yuko hatua chache sebuleni. Nikaiweka kalamu chini nikatoka.

Baba mkubwa alikuwa amenyoosha miguu kwenye stuli. Nikakaa. Nikaanza na habari ya mvua. Kisha nikasema, "Kaka, leo pale mteremkoni uliweka frii."

"Niliweka. Kwani vipi?"

"Gari hili ukiweka frii mota haishiki tena. Pedi zinabeba mzigo wote peke yake. Ile harufu haikuwa ya takataka."

Akapunguza sauti ya runinga. Unamjua anavyonyamaza, mpaka mtu unaanza kuomba msamaha kwa kitu ambacho hujafanya. "Wewe," akasema, "uliyemtia mama yetu kwenye mfongo, ndiyo unanifundisha mimi kuteremka mlima?"

"Ndiyo mimi. Nilimtia kwa kosa hilo hilo. Breki hazikukataa, kaka. Niliwadanganya."

Sikuwa nimepanga kusema hilo la mwisho. Lilitoka tu. Nadhani alikuwa anakumbuka watu aliowaambia kwa kunisikiliza mimi.

"Na mtoto aliona leo?" akauliza.

"Aliona kabla yangu."

"Mbona hakusema?"

"Alisema siku ile, nikamfokea mbele ya bibi yake. Leo hakuona sababu ya kurudia."

Akashika rimoti, akaigeuzageuza, hakuongeza sauti. "Kwa hiyo kesho niendeshwe na binti."

"Utaendesha wewe. Yeye atakukumbusha."

"Asinipigie kelele lakini. Mimi ni baba yake mkubwa."

"Ikibidi atapiga, kaka."

Akageukia runinga. Nikakaa pale kidogo kama mtu anayesubiri chenji dukani, halafu nikarudi huku. Kwa hiyo sijui nimepata nini. Hajakataa, hajakubali. Mwanaume wa kwetu akishapita miaka sitini hubadilika polepole, na Lushoto ni kesho.

Basi nisikilize. Kaa mbele. Mkianza kushuka kutoka Lushoto mwambie aweke B tangu juu, kabla ya kona ya kwanza. Injini itanguruma, mwache akunje uso. Mkono wake ukienda kwenye N, sema hapo hapo, mkono ukiwa bado njiani. Akifoka, rudia. Akifoka tena, mwambie asimamishe gari, ushuke na begi lako na ndizi za bibi, ukae kando ya barabara, unipigie. Nitakuja na basi la kwanza. Atakuwa amekasirika, na mimi nitakuwa upande wako mbele ya ukoo mzima, na kwenye kikao chochote watakachokiitisha. Akiuliza nani amekufundisha kumjibu mkubwa hivyo, mtaje baba yako kwa jina.

Na nisamehe, Ndeshi. Uliniokoa na mimi nikakunyamazisha. Ulikuwa sahihi, nilijua uko sahihi kabla pedali haijawa ngumu, na nilipendelea kuendelea kukosea kuliko kusahihishwa na wewe. Hilo ndilo lililo baya zaidi katika yote niliyoandika, na nimelizunguka kurasa zote hizi.

Nasikia geti. Umerudi. Nasikia shikamoo yako, na marahaba nzito ya baba mkubwa. Anakuuliza kitu. Nimesogea mlangoni na karatasi mkononi, naandika nimeegemea ukuta.

Anasema, "Hebu njoo, mama. Eti leo pale mteremkoni uliona nini?"

Nimekuwa na hamu ya kutoka nikujibie, nimejizuia kwa kushika fremu ya mlango. Runinga imezimwa. Mama yako naye ameacha kufungua begi.

"Uliweka frii, baba mkubwa," umesema. "Kesho usiweke."

Baba yako